Kuichambua namba ya sensa kwa kalamu na daftari: 61,741,120 hatua kwa hatua

Tarehe 31 Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma akatangaza matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi: watu 61,741,120. Uwanja ukalipuka kwa makofi, magazeti yakaandika, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Mimi nafundisha tuisheni ya hisabati jioni huku Nkuhungu. Wiki ile binti mmoja wa kidato cha pili aliiandika namba hiyo ubaoni kabla sijafika, kisha akaniuliza, "Ticha, hii inagawanyika kwa ngapi?" Nikamjibu kwa haraka kwamba inagawanyika kwa 10, hilo linaonekana. "Na nyingine?" Hapo sikuwa na jibu, na kipindi kizima kikaishia humo humo.

Nimeyaandika hapa yote tuliyofanya, pamoja na niliyoyaongeza baadaye usiku nikiwa peke yangu, ili nawe uweze kuifanyia namba kubwa yoyote vivyo hivyo. Unahitaji kauntabuku, kalamu na utulivu wa saa moja. Kikokotoo cha simu kiweke pembeni ukitumie kuhakiki tu. Ukikitanguliza utapata majibu, lakini namba yenyewe hutaifahamu.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno mawili ambayo hata watu wazima huyachanganya. Kigawo ni namba inayoigawanya nyingine bila kuacha baki: 5 ni kigawo cha 20. Kigawe ni kinyume chake: 20 ni kigawe cha 5. Humu tunatafuta vigawo, hasa vile ambavyo ni namba tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Kwanza hakikisha namba ni yenyewe

Hatua hii watu huiruka, nami nimewahi kulipia kuiruka. Siku ile nilinakili 61,714,120, nikapindua 4 na 1, nikachambua namba isiyo ya mtu yeyote kwa robo saa nzima.

Njia ya zamani ya kuhakiki ni kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za namba, na ukipata zaidi ya tarakimu moja, jumlisha tena. 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22, na 2+2 ni 4. Sasa chukua sehemu zake. Tanzania Bara ilihesabiwa watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Tarakimu za Bara zinaleta 42, yaani 6. Za Zanzibar zinaleta 43, yaani 7. Kisha 6+7 ni 13, na 1+3 ni 4. Zimekubaliana. Jaribu pia kwa wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130, utapata 7 na 6, na jumla inarudi kwenye 4 ile ile.

Lakini kutupa tisa hakuoni tarakimu zilizopinduliwa, kwa sababu jumla haibadiliki. Kosa langu lingepita hapo bila kuguswa. Kwa kosa la namna hiyo tumia 11: anza kulia, toa na jumlisha kwa kupokezana. Namba sahihi inatoa 0−2+1−1+4−7+1−6, yaani −10. Ongeza 11, unapata 1. Ile niliyokosea inatoa −16, na ukiongeza 22 unapata 6. Zote mbili ni baki za kuigawanya namba, moja kwa 9 na nyingine kwa 11. Andika pembeni ya ukurasa: baki ya tisa ni 4, baki ya kumi na moja ni 1. Tutazihitaji mwishoni.

Anza na vya bure

Namba inaishia na 0, kwa hiyo 10 inatoka mara moja na kubaki 6,174,112.

Ngoja kidogo hapa. Tazama tarakimu nne za mwanzo: 6174. D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule nchini India, aligundua tabia ya ajabu ya namba hiyo. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne zisizofanana zote, zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, toa mpangilio wa kutoka ndogo kwenda kubwa, kisha rudia kwa jibu. Haitazidi mara saba utafika 6174, na ukishafika hutoki. Tulijaribu kwa mwaka wa sensa wenyewe: 2220−0222 ni 1998, 9981−1899 ni 8082, 8820−0288 ni 8532, 8532−2358 ni 6174. Hatua nne tu. Kwamba namba hiyo imekaa mwanzoni mwa hesabu ya watu wa Tanzania ni bahati tupu, haina maana yoyote ya ndani. Lakini darasa zima liliacha kuongea.

Turudi kazini. 6,174,112 ni shufwa, basi igawe kwa 2 mpaka igome: 3,087,056, 1,543,528, 771,764, 385,882, 192,941. Hapo imekuwa witiri. Tumetoa mbili tano, na ndani ya ile 10 kulikuwa na mbili moja na tano moja. Jumla tuna mbili sita na tano moja, yaani 64 × 5 = 320. Kilichobaki ni 192,941.

Jaribu 3: jumla ya tarakimu ni 26, haiingii. Jaribu 5: inaishia na 1, haiingii.

Tatu kwa mpigo

Wengi hapa wangeanza kugawanya kwa 7, kisha 11, kisha 13, mara tatu tofauti. Usijichoshe. Kumbuka kwamba 7 × 11 × 13 = 1001. Kwa sababu hiyo unaweza kuikata namba kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, ukatoa na kujumlisha kwa kupokezana, na kile kinachobaki kina baki sawa na namba kamili kwa 7, kwa 11 na kwa 13.

941−192 ni 749. Sasa pima hiyo ndogo. 749 ni 7 × 107, basi 7 inaingia. Kwa 11 inabaki 1, kwa 13 inabaki 8, hizo hazimo. Mtihani mmoja, majibu matatu.

Gawa 192,941 kwa 7, unapata 27,563. Rudia mbinu ile ile kuona kama kuna 7 nyingine: 563−27 ni 536, ambayo kwa 7 inaacha 4, kwa 11 inaacha 8, kwa 13 inaacha 3. Namba tasa hizo tatu tumemalizana nazo.

Mahali ambapo kazi inakuwa kazi

Sasa 27,563. Kabla ya kugawanya ovyo, tafuta mpaka. Kama namba ina vigawo viwili zaidi ya 1 na yenyewe, kidogo kati yao hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, maana vyote viwili vingezidi kipeuo, zao lake lingeizidi namba. 166 × 166 ni 27,556. Kwa hiyo hatuna haja ya kujaribu namba tasa yoyote iliyo juu ya 166.

Niliona 27,556 na 27,563 zinatofautiana kwa 7 tu, nikadhani nimepata njia ya mkato. Kuna mbinu inayoitwa ya Fermat: panda kidogo juu ya kipeuo, toa namba yako kwenye kipeo cha pili, uone kama kinachobaki nacho ni kipeo cha pili cha namba kamili. 167 × 167 toa 27,563 ni 326, siyo. 168, siyo. 169, siyo. Niliendelea mpaka chai ikapoa. Baadaye nikapiga hesabu: ningefika kwenye jibu nikiwa kwenye 342, yaani baada ya majaribio 176. Mbinu hiyo ni nzuri pale tu vigawo viwili vinapokaribiana. Kama hujui vimekaaje, rudi kwenye kugawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine.

Basi: 17 inaacha 6. 19 inaacha 13. 23 inaacha 9. 29 inaacha 13 tena. 31 inaacha 4. 37 inaacha 35. 41 inaacha 11. Na 43 haiachi kitu. 27,563 = 43 × 641.

641 je? Kipeuo chake ni 25 na kitu, basi inatosha kujaribu hadi 23. Kwa 7 inaacha 4, kwa 11 inaacha 3, kwa 13 inaacha 4, kwa 17 inaacha 12, kwa 19 inaacha 14, kwa 23 inaacha 20, na 2, 3 na 5 zinaonekana kwa macho kwamba hazimo. Ni tasa.

Andika kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Kisha hakiki kwa zile baki mbili tulizoziweka pembeni. Kwa tisa: 64 ni 1, 5 ni 5, 7 ni 7, 43 ni 7, 641 ni 2. Zao ni 490, tarakimu zake zinaleta 13, yaani 4. Sawa. Kwa kumi na moja: 9, 5, 7, 10 na 3, ukizizidisha ukitupa 11 njiani unabaki na 1. Sawa tena. Sasa ndiyo shika kikokotoo ukajiridhishe.

Kuhusu 641, ambayo haikustahili kupita kimya

Nilipoiona 641 nilisimama. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zinazopatikana kwa kuchukua 2, kuipandisha kwa kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha kuongeza 1, zote ni tasa. Za mwanzo zinamtii: 3, 5, 17, 257, 65,537. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641: ni 641 × 6,700,417. Dhana ya Fermat ikaanguka.

Uzuri ni kwamba huhitaji kuigawanya namba ile ndefu ili uamini. Angalia sura mbili za 641. Ya kwanza: 5 × 128 ni 640, kwa hiyo 641 = 5 × 2⁷ + 1. Ya pili: 625 + 16 ni 641, kwa hiyo 641 = 5⁴ + 2⁴. Tukihesabu baki tu za kugawanya kwa 641, sura ya kwanza inasema 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha kwa kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Sura ya pili inasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka hiyo mahali pa 5⁴, unapata −2³² ni sawa na 1. Basi 2³² + 1 haiachi baki yoyote. Mistari minne, imekwisha. Binti yule alininakilisha mara mbili, na mara ya pili alinisahihisha alama ya kutoa niliyoisahau.

Sasa isome namba

Ukishapata vigawo tasa, mambo mengine hutoka yenyewe.

Idadi ya vigawo vyote: chukua kila kipeo, ongeza 1, zidisha. Mbili ina kipeo 6, hivyo 7. Nyingine nne zina kipeo 1, hivyo 2 kila moja. 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Darasani nililieleza kwa mizabibu, maana huku kwetu hakuna asiyejua shamba la zabibu linavyopangwa kwa mistari. Ukiwa na miche 61,741,120 na unataka mistari iliyo sawa bila mche kubaki, una mipangilio 112, au 56 kama hujali upande upi ni urefu. Shamba lililokaribia mraba kuliko yote lina mistari 6,880 yenye miche 8,974 kila mmoja.

Jumla ya vigawo vyote: kwa 2 jumlisha 1+2+4+8+16+32+64, ni 127. Kwa 5 ni 6, kwa 7 ni 8, kwa 43 ni 44, kwa 641 ni 642. Zidisha zote: 172,199,808. Ukitoa namba yenyewe, vigawo vingine vinabaki na jumla ya 110,458,688. Linganisha na 6, ambayo vigawo vyake 1, 2 na 3 vinajumlika kuwa 6 kamili, bila ziada wala upungufu. Namba yetu ina vigawo vinavyoizidi karibu mara mbili.

Zile zisizoshirikiana nayo chochote: kati ya namba kuanzia 1 hadi 61,741,120, ngapi hazina kigawo chochote cha pamoja nayo isipokuwa 1? Punguza kwa hatua. Ondoa vigawe vya 2, inabaki nusu: 30,870,560. Chukua nne ya tano yake: 24,696,448. Sita ya saba: 21,168,384. Kisha 42 ya 43: 20,676,096. Mwisho 640 ya 641: 20,643,840. Ni theluthi moja na chembe. Ona 2 ilivyofyeka nusu nzima huku 641 ikiondoa kiduchu. Namba tasa ndogo ndizo zinazofanya uharibifu.

Mraba sasa. Je, ungeweza kuigawa miche yote kwenye mashamba mawili ya mraba kamili? Hapana, na huhitaji kujaribu. Tafuta namba tasa ambazo zikigawanywa kwa 4 zinaacha 3. Kama mojawapo ina kipeo witiri, haiwezekani. Sisi tunazo mbili, 7 na 43, kila moja ikiwa na kipeo 1. Mashamba matatu je? Kanuni ya Legendre inasema yanatosha, isipokuwa pale ambapo, baada ya kutoa nne zote zinazotoka, kilichobaki kinaacha 7 kikigawanywa kwa 8. Toa nne tatu, yaani 64: inabaki 964,705, ambayo kwa 8 inaacha 1. Njia iko wazi. Kanuni haikuambii mashamba yenyewe, ni lazima uyatafute. Nilishuka kutoka 982: 964,705 toa 982 × 982 inabaki 381, ambayo ni 3 × 127, mbovu kwa kanuni ile ile ya mashamba mawili. Kwa 981 inabaki 2,344, na 2,344 ni 1,444 + 900, yaani 38 × 38 na 30 × 30. Zidisha pande zote kwa 8, unapata mashamba yenye pande za 7,848, 304 na 240. Moja kubwa mno na mawili ya uani, lakini hesabu imetimia.

Dodoma ndani ya taifa

Mkoa wetu ulihesabiwa watu 3,085,625. Unaishia na 625, kwa hiyo gawa kwa 5 mpaka igome: 617,125, 123,425, 24,685, 4,937. Nilijaribu namba tasa zote hadi 67 na 4,937 haikukubali hata moja, na kwa kuwa 71 × 71 ni 5,041, ni tasa. Mkoa wa Dodoma ni 5⁴ × 4,937. Ile 625 iliyomo ndani ya 641 iko hapa pia.

Kigawo Kikubwa cha Shirika cha mkoa na taifa tayari kinaonekana ni 5. Lakini jizoeze kukipata bila kuchambua, kwa njia ya Euclid, maana kwa namba kubwa kweli hiyo ndiyo pekee itakayokuokoa. Gawa kubwa kwa ndogo, shika baki, gawa ndogo kwa baki, endelea. 61,741,120 ina 3,085,625 mara 20 na baki 28,620. Simama uone: mara 20 na kidogo tu. Karibu kila mtu mmoja kati ya 20 nchini alihesabiwa mkoani Dodoma. Baki zinazofuata ni 23,285, 5,335, 1,945, 1,445, 500, 445, 55, 5, kisha 0. Ya mwisho kabla ya sifuri ndiyo jibu.

Angalia tofauti ya mwendo. Kwa namba hizi Euclid alituchukua hatua kumi, wakati 43 ilitutoa jasho peke yake. Baadhi ya siri za kwenye intaneti zimejengwa juu ya pengo hilo. Mfumo wa kuficha ujumbe uitwao RSA, uliotokana na kazi ya Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, unaweka hadharani zao la namba tasa mbili kubwa na kuzificha zenyewe. Namba ya tarakimu 250 iliyotolewa kama changamoto ilichambuliwa mwaka 2020 kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja. Zinazotumika leo mara nyingi zina tarakimu 617. Sisi tulikuwa na nane.

Kazi ya nyumbani niliyowapa ni Tanzania Bara, 59,851,347. Tarakimu zake zinaleta 42, kwa hiyo 3 inatoka na kubaki 19,950,449. Kata mafungu: 449−950+19 ni −482, kwa hiyo 7, 11 na 13 hazimo. 17 inaacha 14, 19 inaacha 12, 23 inaacha 19. Anzia 29.